Masizi Niliyoshindwa Kuyasifia

Kwa siku tatu usingizi wangu ulisumbuliwa na masizi. Hayakuwa masizi ya kwetu. Yalikuwa ya jiko la mama mmoja wa Kabungu ambaye nilikuwa nimeonana naye mara moja tu, kwa muda usiofika saa nzima. Swali lililoniweka macho lilikuwa dogo kiasi kwamba naona haya kuliandika: je, nimwambie kwamba kitu nilichokipenda kuliko vyote katika nyumba yake ndicho kile alichokuwa akikikinga kwa mwili wake ili nisikione?

Nikimwambia, nitakuwa nimemtukana. Nisipomwambia, huenda Alhamisi tukafika na kamera tukakuta hakipo. Nililigeuza hilo upande huu na upande ule hadi shangazi yangu, ambaye tulikuwa tunalala chumba kimoja, akasema kama silali basi nikakae uani nilinde kuku.

Nieleze nilifikaje hapo.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja nyuma, nikarudi Mpanda nikiwa na shahada, barua za maombi ya kazi ambazo hazikujibiwa, na stori ya filamu fupi niliyokuwa nimeiandika na kuifuta mara nyingi mno. Stori yenyewe ilikuwa nyepesi. Mama anapigiwa simu na mwanawe aliyeondoka miaka mingi: nakuja kwa treni, siku fulani. Mama anapika, anasubiri. Treni inafika, mtoto hayumo. Mama anasubiri treni inayofuata. Ni hayo tu. Mwigizaji mmoja wa kuonekana na sauti moja ya kwenye simu. Nilikuwa nimeipunguza makusudi ili nisiwe na kisingizio cha kutoifanya.

Mama angekuwa shangazi. Yeye anauza vitenge sokoni, na kanisani kwake kila Krismasi hapangwi mtu mwingine kuigiza mke wa mwenye nyumba ya wageni anayewafukuza Yusufu na Mariamu. Alikubali kwa sharti moja, nisije nikamwambia alie. "Mimi nikilia, silii kwa kuambiwa," alisema. Kamera ilikuwa ya rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, kijana anayepiga picha za harusi na kipaimara. Yeye ananiita Dairekta, kwa sauti ile ile anayowaitia watu wanaovaa suti kwenye joto.

Tatizo lilikuwa nyumba, na nyumba ilikuwa na saa yake. Stori yote inatokea kiangazi, wakati majani yamekauka na vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Mvua za kwanza zikinyesha, Katavi hubadilika rangi kabla hujamaliza kushangaa, na mama wa kwenye filamu hawezi kusubiri treni mbili katika nchi mbili tofauti. Tulikuwa mwishoni mwa Oktoba. Rafiki yangu alikuwa na wiki mbili kabla harusi hazijammeza hadi mwaka mpya. Nisipopata nyumba ndani ya hizo wiki mbili, filamu ingesogea mwakani. Na najijua. Kitu changu kikisogea mwaka, hakirudi.

Basi nikachukua daftari nikachora jedwali. Mlango unatazama wapi. Jua linaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Kuna mashine ya kusaga karibu? Kuna baa? Jogoo wangapi? Kuta rangi gani? Jedwali lilikuwa na safu kumi na nne, na safu ya mwisho niliiita "hisia". Rafiki yangu alipoliona aliuliza kama natafuta nyumba au natafuta mchumba.

Nilianzia Shanwe, mtaani kwetu, kwa sababu huko najulikana. Na hapo nikagundua jambo ambalo lilinipendeza kulichunguza kuliko filamu yenyewe. Ukibisha hodi ukasema unatafuta nyumba ya kupigia picha, kila mtu anakupeleka sebuleni. Anakuwashia taa mchana. Anawasha feni hata kama hakuna joto. Anaondoa vitambaa vilivyofumwa kwenye makochi, anavikung'uta, anavirudisha vilevile vilivyokuwa. Baba mmoja alinionyesha dari lake la jipsamu kwa dakika kumi, akinieleza kila ua lililochongwa lilitoka kwa fundi gani. Nilipomuuliza kwa upole kama ninaweza kuona jiko, alimwita mkewe, na mkewe akatokea akisema jiko halionwi leo, nije siku nyingine nimpe taarifa mapema.

Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, mama alicheka akasema, "Jikoni kuna nini, mwanangu? Jikoni kuna mimi."

Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari kwa sababu niliipenda. Ningeisoma vizuri, ingeniokoa.

Kuelekea stesheni nako nilizunguka siku mbili, kwa sababu nilitaka nyumba ambayo mama anaweza kusikia treni akiwa jikoni. Nilikuwa na tepu ya fundi cherehani shingoni, daftari mkononi, na tabia ya kusimama barabarani nikiwa nimefumba macho ili nisikilize sauti za mahali. Siku ya kwanza watu walinitazama. Siku ya pili mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio kibarazani alinifuata hatua kadhaa.

"Dada, samahani. Unapima nini?"

"Napima mwanga, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanga unapimwa kwa tepu?"

"Hapana, tepu ni ya upana wa mlango."

"Eeh. Kwa hiyo na milango unapima." Akageuka akawaambia waliokuwa nyuma yake, "Nimewaambia. Ni wa zile X."

Wanaoishi karibu na reli au barabara wanajua X ni nini: alama nyekundu inayochorwa ukutani kukuambia nyumba yako imekaa mahali pasipo pake. Ilinichukua muda mrefu kuwaeleza kwamba mimi sina rangi nyekundu na sina mamlaka ya kumwondoa hata kuku. Niliposema ni filamu, kijana mmoja akauliza nyota wake ni nani. Nikasema shangazi yangu. Wakanionea huruma, wakaniletea kiti.

Nyumba pekee iliyonivutia huko ilikuwa ya mzee mmoja mwenye duka la nafaka, nyumba ya zamani yenye ua wa ndani na kivuli cha kupendeza ifikapo saa nne. Alikuwa Mwislamu mtaratibu sana. Alinipa kahawa, akanisikiliza hadi mwisho, akasema ua wa ndani ni wa mama zake na dada zake, ila mbele nipige ninavyotaka. Mbele kulikuwa na mashine ya kusaga ya jirani. Nilikaa pale asubuhi nzima nikisubiri inyamaze. Saa saba ilinyamaza, nikafurahi, kumbe mwenye mashine alikuwa amekwenda kula.

Wiki ya kwanza ikaisha. Mashariki kulianza kuwa na mawingu yaliyovimba kila jioni, yakivimba na kunywea, yakivimba na kunywea.

Siku ya gulio shangazi alikwenda Kabungu kuuza vitenge, nami nikamsindikiza kumbebea mizigo. Sikwenda kutafuta nyumba. Nilikuwa nimechoka na nyumba za watu. Ila adhuhuri nilibanwa, choo cha gulioni kilikuwa na foleni, na mteja mmoja wa shangazi akaniambia nipite njia ya nyuma, kuna mama pale hana neno.

Nikapiga hodi, nikaomba choo, nikaonyeshwa. Wakati wa kurudi nikapita mbele ya jiko lake. Lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, cha matofali mabichi na nyasi juu, na mlango ulikuwa wazi.

Sijui nieleze vipi. Kuta zilikuwa nyeusi, lakini si nyeusi ya uchafu. Zilikuwa zinang'aa, kama zimepakwa lami na kusuguliwa. Juu ya mafiga, mahindi ya mbegu yalikuwa yamening'inizwa kwenye moshi, nayo yamegeuka rangi ya asali iliyoungua. Nafasi ya tofali moja ilikuwa imeachwa wazi karibu na paa ili moshi utoke, na kupitia tundu hilo mwanga ulishuka ukiwa umenyooka kama fimbo, ukagusa sufuria, ukaishia sakafuni. Na kwenye ukuta wa kushoto, chini, usawa wa goti, mtoto fulani alikuwa amechora lori kwa mkaa. Lilikuwa na magurudumu sita na dereva mwenye kichwa kikubwa kuliko kebini.

Nikasimama. Safu zote kumi na nne zilijijaza zenyewe kichwani.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye mikono mirefu na macho ya mtu aliyezoea kutodanganywa. Alikuja haraka, akasimama mlangoni mwa jiko akaujaza.

"Binti, njia iko huku."

"Samahani mama. Nilikuwa naangalia jiko lako."

"La nini?"

Nikamweleza. Filamu, shangazi yangu anayeuza vitenge pale gulioni, mama anayemsubiri mwanawe. Alinisikiliza bila kuondoka mlangoni. Nilipotoa simu ili nipige picha ya kumwonyesha rafiki yangu, alinyoosha mkono akaishusha, taratibu, kama unavyoshusha mkono wa mtoto anayetaka kugusa moto.

"Hapa usipige. Piga kule mbele."

Nikapiga kule mbele. Ukuta, mlango wa mbao, kiti. Na hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilipaswa kusema, mama, ninachokitaka ni hiki ulichosimama mbele yake. Badala yake nilisema, "Nyumba yako ni nzuri sana, mama. Tunaomba tuitumie siku mbili. Tutakuja Alhamisi."

"Watu wataiona?"

"Tukifanikiwa, wataiona."

"Na jiko wataliona?"

"Ndiyo."

Aliligeukia jiko lake, akalitazama kwa muda, kama mtu anayempima mwanawe kabla ya kumpeleka kwa wageni. "Haya," akasema. "Alhamisi. Kamwone mwenyekiti wa kitongoji kwanza, wasije wakasema nimeuza kiwanja."

Mwenyekiti nilimwona siku hiyo hiyo, nikampa barua yangu ya utambulisho, naye akaandika jina langu kwenye kitabu na kuuliza kama kutakuwa na bunduki kwenye picha. Nilisema hapana. Alionekana kusikitika kidogo.

Tulirudi mjini na bodaboda mbili, moja ya mizigo na moja yetu. Njiani nilimpigia kelele shangazi sikioni, nikimsimulia juu ya mwanga na yale mahindi. Yeye akauliza swali moja: "Na mwenyewe umemwambia unataka nini?" Upepo ulikuwa mwingi. Nilijifanya sijasikia.

Ndiyo zikaanza zile siku tatu. Rafiki yangu aliona jambo lenyewe ni jepesi. "Mpigie simu, mwambie asiguse kitu. Dakika moja." Lakini kila sentensi niliyoiandika kwenye simu ilikuwa na mwiba. *Mama, tafadhali usisafishe jiko.* Hiyo inasema jiko ni chafu. *Mama, tumelipenda jiko lako lilivyo la zamani.* Hiyo inasema wewe ni maskini nasi tumefurahi. *Mama, tunataka masizi.* Hiyo haisemeki. Nilijiuliza pia jambo baya zaidi: kwa nini ninayaona masizi yale ni mazuri? Bibi yangu alikohoa maisha yake yote kwa sababu ya masizi ya aina hiyo, na mama yangu alipopata jiko la gesi alilipiga picha akawatumia dada zake wote. Mimi niliyesomeshwa ili niondoke jikoni mle ndiye niliyekuwa narudi na kamera nikitaka mle mle, na kuomba kusiguswe.

Mwishowe nilituma hivi: "Shikamoo mama. Tutafika Alhamisi asubuhi kama tulivyokubaliana. Asante kwa ukarimu wako."

Akajibu: "Marahaba. Karibuni sana. Najiandaa."

Nilisoma lile neno la mwisho mara nyingi. Niliamua kwamba anapika.

Alhamisi tulifika jua likiwa bado halijakaza. Shangazi alikuwa amevaa nguo za mama wa kwenye filamu, kitenge kilichopauka na blauzi niliyoifua mara tano ili ichakae, na alikuwa ananuna kwa sababu wateja wake wa Kabungu wangemwona hivyo. Tuliteremka barabarani, tukashika kinjia cha nyuma ya gulio. Kabla hatujafika niliona kitu cheupe.

Nyumba ilikuwa imesiribwa. Chini, kufikia kiunoni, udongo mwekundu. Juu yake, udongo mweupe, na mpaka kati ya rangi hizo ulinyooka kama umepigwa kwa rula. Uwanja ulikuwa umefagiliwa hadi alama za ufagio zikafanya mawimbi. Nikaenda moja kwa moja nyuma bila hata kusalimia vizuri.

Jiko lilikuwa jeupe ndani.

Mahindi yalikuwa yameshushwa. Sufuria zilikuwa zimesuguliwa kwa majivu na kupangwa kwa ukubwa. Tundu la juu lilikuwa limezibwa kwa tofali zima, ule mwanga ulionyooka haukuwapo tena. Nilitazama chini ukuta wa kushoto. Lori halikuwapo. Ukuta mmoja tu, ule wa mlangoni, ndio ulikuwa mweusi bado, na mbele yake kulikuwa na karai la udongo mweupe uliolowa.

"Mmewahi," mwenye nyumba alisema nyuma yangu. Alikuwa na udongo hadi kwenye viwiko. "Nilisema nitamaliza kabla hamjafika. Huu mweupe haupatikani hapa karibu, nimeufuata bondeni mara mbili. Jana wenzangu wamenisaidia. Wamesema Kabungu isije ikaaibishwa."

Nikasema asante. Nadhani nilisema asante mara tatu.

Rafiki yangu aliingia, akatazama kuta, akanitazama mimi. Akanivuta pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Tulia. Tunawasha majani mabichi humu ndani, tunafunga mlango, baada ya saa mbili masizi yanarudi. Nilishaona watu wanafanya."

Nakiri kwamba niliwaza. Niliwaza kwa kina kabisa, hata nikahesabu majani yatatoka wapi. Mawingu siku hiyo yalikuwa yameanza asubuhi badala ya jioni. Jumapili rafiki yangu alikuwa na harusi ya kwanza.

"Mnanong'ona nini?" mwenye nyumba aliuliza. "Haijakaa vizuri?"

"Imekaa vizuri sana, mama."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kinu kilichogeuzwa, amevua viatu. Akasema, bila kunitazama, "Mwambie mwenzio, wewe msomi. Ulimi haujasiribwa."

Ndipo nikasema. Nilisema vibaya, kwa kuzunguka, nikianzia kwenye mwanga na kuishia kwenye mahindi. Nilisema kwamba siku ile nilipenda jiko jinsi lilivyokuwa, kwamba nilipenda ule weusi, kwamba kosa ni langu kwa kuwa sikumweleza. Nilitegemea akasirike au alie, na kwa yote mawili nilikuwa nimeandaa maneno.

Yeye alikunja uso kama mtu anayejaribu kusikia redio yenye mikwaruzo.

"Yaani mlitaka masizi."

"Ndiyo mama."

"Ningewapa ya kubeba." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Ngoja. Huyo mama wa kwenye picha yenu. Umesema mwanawe anakuja?"

"Ndiyo."

"Ameondoka miaka mingi?"

"Ndiyo."

"Amepiga simu kabisa, amesema siku."

"Ndiyo, mama."

"Halafu mama hasiribi?" Akamgeukia shangazi. "Wewe mama wa vitenge, na wewe umekubali kuigiza hivyo? Mtoto anarudi, wewe unapika tu, umekaa kwenye masizi? Watu watasema nini? Watasema humtaki. Watasema ameitwa na baba yake, si wewe."

"Mimi nilimwambia," shangazi alisema. Hakuwa ameniambia.

"Mwanangu wa mwisho akisema anakuja, hata kama simwamini, naanza udongo. Mara mbili nimesiriba hakuja." Alisema hivyo kwa namna ya kawaida tu, akichokoa udongo uliokauka kwenye kucha. "Basi nyumba inakuwa imesiribwa. Hasara iko wapi?"

Nikauliza kama lile lori lilikuwa la kwake, huyo wa mwisho.

"Lile ulilokuwa unaliangalia siku ile? La kwake." Alielekeza kidole kwenye ukuta mweupe, mahali penyewe hasa. "Limo. Halijaenda popote. Alikuwa akichora, nasiriba, anachora tena. Ukuta huu ukiukata leo utakuta gereji."

Rafiki yangu alicheka kwa nguvu. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimeanza kuiona filamu yangu kwa upande wa nyuma, kama nguo uliyoivaa siku nzima ukagundua jioni kuwa mshono uko nje. Muda wote nilikuwa nimemkalisha yule mama. Alikaa, akapika, akatazama mlango. Nilimnyima kazi, kisha nikahangaika wiki nzima kumtafutia ukuta wa kuisema huzuni yake. Na huyu hapa, aliyesiriba mara mbili kwa mtoto asiyekuja, alikuwa ananionyesha huzuni hiyo ikiwa na udongo hadi viwikoni, bila yeye kuiita huzuni.

Ukuta mmoja ulikuwa bado mweusi. Udongo ulikuwa tayari kwenye karai.

Hapo mtu mwingine angesema haya, twende. Mimi nilifungua daftari. Nilianza kuhesabu: udongo ukiwa mbichi ni wa kijivu, ukikauka ni mweupe, kwa hiyo rangi itabadilika kila baada ya dakika chache, kwa hiyo hatuwezi kurudia, kwa hiyo shangazi akikosea mara moja tumepoteza ukuta, na ukuta uko mmoja. Nilimweleza rafiki yangu yote hayo. Nikamwambia labda tuangalie kwanza kwenye ukuta wa nje, labda tuje kesho mapema, labda tutafute udongo wa akiba.

Aliweka kamera kwenye stendi yake akaniacha niongee hadi nikaishiwa.

"Udongo unakauka, Dairekta," akasema.

Mwenye nyumba alikuwa ameshachukua kiganja cha udongo, anauminyaminya. "Mmoja aseme," alisema. "Nimalizie mimi au anamalizia huyu? Ukikaa unapasuka."

Nikalitazama karai. Juu yake ngozi nyembamba ilikuwa imeanza kutanda, na pembeni kulikuwa na nyufa ndogo kama nywele.

Nikasema atamalizia shangazi. Nikasema mama anaanza filamu hapa, ukutani, kabla ya simu na kabla ya chakula, na treni itakuja baadaye. Nikamwomba mwenye nyumba kama tunaweza kulitoa lile tofali la juu, mwanga uingie. Alisema hata yeye tofali lile lilimkera, moshi utatokea wapi, ila wenzake ndio waliosema tundu linaonekana kama pengo la jino. Akapanda kwenye kinu akalisukuma mwenyewe kwa kiganja. Mwanga ukashuka, si kama fimbo tena, maana kuta nyeupe ziliupokea na kuusambaza, jiko zima likawa na mwanga wa maziwa ambao sikuwa nimeuandikia safu.

Shangazi alipandisha mikono ya ile blauzi iliyofuliwa mara tano. Akachovya mikono yote miwili, akapiga bonge la kwanza ukutani.

"Usipapase," mwenye nyumba alisema. "Paka. Kwa kiganja, siyo vidole."

"Nimezaliwa kijijini, mwenzangu."

"Sioni."

Rafiki yangu aliniangalia akiwa na kidole juu ya kitufe. Nilijua sauti ya mwenye nyumba itaingia, na kwamba hakuna sauti hiyo kwenye stori. Nilijua pia kwamba nikianza kumwambia anyamaze, ukuta utakauka. Nililiweka daftari chini, juu ya sufuria iliyokuwa kubwa kuliko zote, nikapiga magoti nikalisogeza karai karibu na mguu wa shangazi ili asilazimike kugeuka, nikasema, "Anza."

Taa ndogo nyekundu ya kamera ikawaka. Mkono wa shangazi ukapanda ukutani, na nyuma yake weusi ukafunikwa.